Adhana ya Tanga Chini ya Rosebank

Mamkubwa wangu alikuja Johannesburg kumchukua mama yangu. Kwenye simu hakusema hivyo. Alisema anakuja kututembelea, afunge nasi siku chache za Ramadhani, aone tunavyoishi. Lakini mgeni anayekuja kutembea tu hamwambii mwenyeji wake aanze kufikiria vyombo gani atagawa na vipi atasafirisha, na Mama alikuwa ameshaambiwa.

Mama alinipa habari hiyo akiwa kwenye cherehani, bila kusimamisha mguu. Baba alifariki mwaka juzi, na tangu hapo ndugu wa Tanga walikuwa wakiuliza mjane anafanya nini ugenini. Mamkubwa ndiye mkubwa wao wote. Ndiye aliyemlea Mama baada ya bibi yangu kufariki, akamsomesha, akamuoza. Katika maisha yake yote Mama hajawahi kumwambia dada yake hapana.

"Akisema nirudi, nitarudi," alisema.

"Sijakuuliza yeye atasema nini. Nimekuuliza wewe unataka nini."

"Mimi nina oda za Idi," akajibu, akavuta kitambaa.

Nilimwelewa. Ana meza yake Newtown, kando ya njia watu wanayopita kwenda sokoni. Anashona madira, kanzu, magauni ya kina mama wa Kikongo yenye mabega ya kusimama, na sare za shule za watoto ambao wazazi wao hawawezi kutamka jina lake sawasawa. Kumrudisha Tanga akakae barazani aletewe chai, machoni pa ndugu hiyo ni heshima. Machoni pangu ilikuwa kumstaafisha mtu ambaye hajachoka.

Kulikuwa na swali moja Mamkubwa alilokuwa akilirudia kila akipiga simu. "Niambie kweli, mwanangu. Mnaishi kwa kujificha?" Alikuwa ameona video kwenye kundi la familia: maduka ya wageni yanavunjwa Soweto, watu wanaandamana na marungu. Video ya namna hiyo ikitokea huku, Tanga inafika kabla haijafika Turffontein tunakokaa. Nilikuwa nikimjibu hapana, hatujifichi. Ila jibu langu lilikuwa na kasoro, na nilijua. Ndani ya teksi za huku, ambazo kwetu ndizo daladala, nina desturi ambayo wengi wetu tunayo. Simu ikilia, nikiona ni Mama, napokea, nasema "sharp, sharp", yaani sawa sawa kwa lugha ya mitaa ya huku, nakata. Nitampigia nikishuka. Hakuna aliyetufundisha. Lugha yetu tunaiweka mfukoni mpaka tufike mahali tunapomjua aliye karibu. Je, huko ni kujificha, au ni adabu tu ya mtu aliye katikati ya watu? Nimejiuliza sana. Kujiuliza ndiyo kazi yangu ya kwanza. Ile ninayolipwa inafuata. Mhadhiri wangu mmoja aliwahi kusema kwamba mimi nikipewa glasi ya maji nitataka kwanza kuonyeshwa bomba.

Jirani yetu wa Zanzibar alitoa gari lake tumpokee mgeni. Nikamshukuru, nikakataa. Nilitaka Mamkubwa aingie mjini kwa treni ya chini ya ardhi.

Hapo inabidi nieleze, maana anayenijua atacheka. Nilisomea mipango miji, na katika mwaka wangu wa mwisho niliandika insha ndefu kuipinga treni hiyo hiyo. Niliuliza kwa nini inakwenda Sandton, Pretoria na uwanja wa ndege, na haikanyagi Soweto, wala kusini kwetu. Kwa nini mji wenye watu wengi hivi wasio na magari uliwajengea kwanza reli nzuri wale walio nayo. Sijafuta hata neno moja la insha ile. Ila nilipopata kazi Rosebank nikaanza kuipanda kila siku, na ni vigumu kuendelea kukinunia kitu kinachofika kwa wakati.

Nikaanza kuipenda kwa siri. Napenda kushuka pale kituo cha Park, katikati ya mji, kelele za wauza chaja na wapiga debe wa teksi zikibaki juu, na hewa ikibadilika, ikawa ya baridi ya mwamba. Napenda ule upepo unaotoka kwenye tundu kabla ya treni yenyewe, unaopeperusha mitandio ya wanawake wote kwa upande mmoja. Mji huu uliwahi kuwateremsha watu ardhini kuchimba dhahabu isiyo yao, vijana wa Msumbiji, wa Malawi, na wengine kutoka kwetu. Waliteremka kwa kamba na kurudi juu weusi kwa vumbi, na wengine hawakurudi. Leo nateremka mwamba ule ule nikiwa nimevaa viatu vya ofisini, na natokea upande wa pili viatu vikiwa safi. Sijui kama hiyo ni haki iliyopatikana au ni mapambo tu. Ninachojua ni kwamba nikisimama pale chini najisikia mwenyeji. Mwenye karatasi za ukimbizi, mwenye pasi ya bluu, mwenye kampuni, wote tunagusa kadi, geti linafunguka. Haliulizi mtu ametoka wapi.

Ndiyo maana nilitaka apite huko. Nilitaka aone mji huu mahali unapojiheshimu, kabla hajaona sehemu nyingine, kabla hajafungua kinywa na kumwambia Mama twende.

Alitoka mlango wa wageni akiwa na sanduku moja na kikapu cha ukili chenye kifuniko. Mamkubwa ni muuguzi mstaafu, aliyesimamia wodi miaka mingi, na hata leo akiingia mahali, macho yake yanaanza na pembe za sakafu.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimefunga."

"Hata mimi nimefunga, na sijakonda."

"Lakini wewe msafiri, unaruhusiwa kula."

"Naruhusiwa. Sijalazimishwa." Akanipa sanduku, kikapu akabaki nacho. "Gari liko wapi?"

"Hakuna gari. Tunapanda treni."

Alinitazama kama anamtazama mgonjwa aliyemwambia kwamba amejiandikia dawa mwenyewe. "Treni ninayoijua mimi," alisema, "ilikuwa inabeba katani."

Kituo cha uwanja wa ndege kiko juu, hakijazama, na nilitumaini ataona mji kupitia dirishani. Lakini wingu la mvua lilikuwa limeshuka, lile la alasiri za mwisho wa majira ya joto, ambalo huku likitaka kumwaga linaugeuza mchana kuwa jioni. Magari barabarani yalikuwa yamewasha taa. Matone mazito yakaanza kupiga kioo. Mamkubwa hakujali kilichokuwa nje. Alipitisha kidole pembeni mwa dirisha, akakitazama, akakipitisha tena chini ya kiti, mahali ambapo hakuna mtu anayefikiria kupafuta. Kidole kilitoka safi.

"Nani anasafisha humu?"

"Kuna watu wa usafi."

"Wanalipwa vizuri?"

"Sijui, Mamkubwa."

"Wewe nimeambiwa unauliza kila kitu. Hilo hukuuliza."

Kisha akasoma kibao kilichobandikwa ukutani, akikitafsiri polepole kwa sauti: usile, usinywe.

"Hata maji?"

"Hata maji. Hata bigijii."

"Basi na treni yenu nayo imefunga," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Baada ya kituo cha Marlboro tukaingia ardhini. Masikio yakaziba kidogo, vioo vikawa vyeusi, na kila mtu akajiona mwenyewe. Nikaanza kueleza bila kuulizwa. Nikamwambia kwamba penye mwamba mgumu walilipua kwa baruti, kama migodini, na kuelekea mjini, penye udongo laini na maji, walitumia mashine inayotafuna ardhi kwa mbele huku ikijenga ukuta nyuma yake. Nikamwambia kwamba juu ya vichwa vyetu wakati ule kulikuwa na mabenki, bustani, watu wanaogelea. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Mimi, mwandishi wa ile insha.

Mamkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Na kwa nini haifiki kwenu?"

"Turffontein?"

"Unasema ni nzuri. Kwa nini haifiki mnakokaa?"

Nilicheka peke yangu. "Nimeandika kurasa nyingi kuuliza hilo."

"Wakakujibu nini?"

"Walinipa maksi."

Sandton tulibadilisha treni. Pale ni chini zaidi, unateremka ngazi za umeme moja baada ya nyingine, na muda ule watu wa maofisini walikuwa wanatoka, jukwaa limejaa. Karibu yetu alisimama bwana mmoja Mkongo, amevaa suti ya kijivu, anaongea na simu kwa Kiswahili cha kwao, kwa sauti kamili, akimgombeza mtu juu ya jenereta. Mamkubwa alimsikiliza kwa makini.

"Huyu hajifichi," alisema.

"Hakuna anayejificha, Mamkubwa."

"Nitaona."

Treni ikaja, tukaingia, na yule bwana akaingia nyuma yetu. Mamkubwa alipata kiti. Mimi nilisimama nikiwa nimebana sanduku kwa miguu. Hatua chache mbele alisimama mlinzi wa treni, binti mwenzangu wa rika langu, nywele amezisuka mistari, sare imenyooshwa.

Tulikuwa tunapunguza mwendo kuingia Rosebank pale adhana ilipoita.

Ilitoka ndani ya kikapu. Mamkubwa anatumia simu ndogo ya vibonye, na mjukuu wake alikuwa amemtegea adhana ya magharibi ili asipitwe. Simu zile ni ndogo, lakini sauti zao unaweza kuzitumia sokoni. Allahu akbar ikajaza behewa zima. Watu wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao. Mwanamume mmoja mwenye miwani akatazama dari, kama kwamba imetoka huko.

Mamkubwa hakushtuka. Alifungua kikapu, akazima, akanyoosha mtandio, akatoa tende moja kutoka kwenye kifuko. Koo langu lilikuwa kavu tangu mchana. Nilichofikiria ni maji tu. Mimi ninayehoji kila kitu, adhana ile sikuihoji.

Mlinzi alifika kabla tende haijafika mdomoni.

"Hapana, gogo," alisema kwa Kiingereza, kwa upole. "Humu hatuli. Samahani, gogo."

Mamkubwa akanigeukia. "Mimi ndiyo gogo?"

"Ni Kizulu, Mamkubwa. Maana yake bibi. Anakuheshimu."

"Anaheshimu kwa neno gani hilo."

Mlinzi akarudi nafasi yake, lakini macho yake yalibaki kwetu. Hapo yule bwana Mkongo akasogea, akafungua koti lake kwa upande mmoja kama pazia.

"Maman, kula tu," alinong'ona. "Mimi nitasimama apa, ule dada wa sare hataona. Mungu hawezi kukulipisha amende, ile faini, juu ya tende moja. Ni hawa tu ndio batakulipisha."

Nikaona ni wazo zuri. Nikasogeza sanduku lizibe upande wa pili. "Haraka, Mamkubwa. Inama kidogo."

Hakuinama. Alinitazama, na uso wake ukabadilika, ukawa ule wa wodini.

"Niiname?"

"Kidogo tu. Asikuone."

"Nimefunga tangu alfajiri, nimevuka nchi na nchi, nije nifungue kwa kujibanza chini ya koti la mwanamume nisiyemjua?" Sauti yake haikupanda. "Kumbe ndivyo mnavyoishi."

Bwana Mkongo akafunga koti lake taratibu, akawa anasoma kibao cha usile usinywe.

Miezi yote ile alikuwa akiniuliza swali moja, na nimemjibu hapana, hapana, hapana. Sasa jibu lingine lilikuwa limenitoka mdomoni lenyewe, bila hata kufikiri. Inama. Asikuone. Nilimwona Mama akiifunika cherehani yake kwa shuka na kuifunga kamba. Nilikuwa nimemleta dada yake kwenye jambo ninaloringia kuliko mengine yote ya mji huu, na humo ndani nimemwambia ajifiche.

Milango ya Rosebank ilifunguka, watu wakatoka, wengine wakaingia, ikafungwa. Treni ikaondoka. Nikaacha sanduku, nikaenda kwa mlinzi.

Sikunong'ona. Nilisema kwa Kiingereza changu chote, behewa likisikia, kwamba yule pale ni dada mkubwa wa mama yangu, kwamba ametoka Tanga, Tanzania, leo, kwamba sisi ni Waislamu na amefunga kutwa, na adhana imeita. Nikasema najua kanuni na siombi aivunje. Nauliza tu ni wapi panapokaribia zaidi ambapo mama mtu mzima anaweza kufungua saumu yake akiwa amekaa wima.

"Eish," alisema yule binti. Alitazama chini, akatazama juu. "Hata kituoni hairuhusiwi. Mpaka nje ya mageti. Lakini Park ndipo ninapomaliza zamu." Akampungia mkono Mamkubwa. "Nitawapandisha na lifti, tusipange foleni ya ngazi. Mwambie gogo avumilie, tunafika sasa hivi."

Nikarudi.

"Umemwambiaje?" aliuliza Mamkubwa.

"Nimemwambia wewe ni dada wa mama yangu, umetoka Tanga, umefunga."

"Umetaja Tanga?"

"Nimetaja."

"Kwa sauti hiyo hiyo niliyoisikia?"

"Behewa zima limesikia."

"Mpaka dereva amesikia," alisema bwana Mkongo, akininyooshea kidole. "Dada huyu alikosea kazi, angegombea ubunge."

Mamkubwa aliiweka tende ndani ya kiganja, akafumba vidole, akaweka mkono juu ya kikapu. Tulikwenda hivyo mpaka Park, chini ya Parktown na Hillbrow na vilima vyote vile ambavyo juu yake watu hupanda wakihema. Mama mmoja wa Kizulu aliyekaa mkabala alimwambia mlinzi jambo, wakacheka, kisha akamtazama Mamkubwa na kuweka mkono kifuani. Mamkubwa naye akaweka mkono kifuani, ule usio na tende.

Pale Park yule binti alilikamata sanduku mwenyewe. Alipita mbele yetu akisema samahani, samahani, gogo anapita, na watu wakaachia njia. Mageti yakafunguka. Tukaingia kwenye lifti, tukapanda, na nikaona Mamkubwa ameshaanza kusoma dua yake kwa midomo. Mlango ukafunguka, tukatoka mpaka kwenye hatua za mwisho za barabarani.

Jua lilikuwa linawaka.

Mvua ilikuwa imekwisha zamani. Mbingu ilikuwa imeoshwa, na upande wa Newtown jua lilikuwa limekaa juu kabisa ya mapaa, kubwa, halina hata dalili ya kuondoka. Lami ilikuwa inafuka mvuke. Vioo vya maghorofa vilimeta hata mtu unakunja macho.

Tulisimama. Kwanza sikuelewa, halafu nikaelewa yote kwa pamoja. Simu ya Mamkubwa ilikuwa bado inaishi Tanga. Tanga iko mbele yetu saa nzima. Magharibi iliyoita chini ya Rosebank ilikuwa magharibi ya kwao, na wakati ule walikuwa kweli wamekaa mkekani wanakunywa uji. Huku jua lilikuwa na muda wake. Na kule chini saa za vituo zilikuwa zikiwaka juu ya vichwa vyetu, kila jukwaa, kwa tarakimu kubwa, na mimi nilizipita zote.

"Haya, gogo," alisema mlinzi, akihema kwa kuburuta sanduku. "Sasa unaweza kula."

Mamkubwa aliangalia jua. Aliangalia tende.

"Anangoja nini?" mlinzi akaniuliza.

"Lizame."

"Nini kizame?"

"Jua."

Yule binti alitazama jua, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hotuba yote ile," alisema. "Hotuba yote ile mle ndani, na hata wakati haujafika."

Nikamtafsiria Mamkubwa, maana ningefanya nini.

"Mwambie ameniokolea saumu yangu," alisema Mamkubwa. "Ningekula mle ndani, siku yangu yote ingekwenda na maji. Mwambie nashukuru, Mungu amlipe." Kisha akaongeza, "Na sema vizuri kwamba ni yeye. Si wewe. Wewe uliniambia niiname."

Nikasema yote, na hilo la mwisho nalo. Binti akampa Mamkubwa mkono, akaushika kwa mikono miwili kama wanavyofanya huku kwa mkubwa, akaenda zake.

Kutoka Park mpaka Newtown tulitembea. Mamkubwa alitembea kama anakagua, macho chini, kwa mashimo na maji ya mvua, lakini hakusema neno baya. Nilijua mle ndani ya kichwa chake kuna mizani, na upande mmoja kuna hotuba, upande wa pili kuna koti la Mkongo.

Mama alikuwa mezani kwake, anamalizia pindo. Alipotuona aliinuka, akaacha mkasi ukaanguka. Walikumbatiana muda mrefu, wakalia kidogo kwa ajili ya Baba, wakafutana machozi kwa mtandio mmoja.

"Dada, umekuja na ile ya chini?"

"Nimekuja nayo. Mwanao karibu anivunjishe saumu."

Alimsimulia. Mama alicheka, akanitazama, akatikisa kichwa. "Huyu? Msomi? Hakuangalia saa?"

Ndipo Mamkubwa akauliza lililomleta. Aliuliza akiwa amesimama, kikapu mkononi, mbele ya watu wanaopita. "Na wewe, mdogo wangu, hapa unajuaje magharibi imeingia? Sijasikia msikiti tangu nifike. Unafungua wapi? Unajifungia chooni?"

"Hapa hapa," Mama akasema, akaonyesha stuli yake.

"Nani anakuadhinia?"

Mama akamnyooshea kidole jirani yake. Meza ya pili ni ya mzee mmoja wa Kizulu anayeuza kofia. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi, ile ya kwanza Mama kufunga bila Baba, mzee huyo aliona Mama anaacha kushona kila dakika kutazama simu, nyuzi zinamkatikia. Akamwambia, Mama Tanzania, wewe shona, mimi nitakuangalizia. Akaweka kwenye simu yake programu ya adhana ya Johannesburg, na Mama humlipa kwa samosa mbili kila magharibi. Yeye ni mtu wa kanisani, wa wale wanaovaa nyeupe na kijani siku ya Jumapili. Kwangu lilikuwa jambo la kila siku, nilikuwa nimelizoea, kiasi kwamba katika hoja zote nilizoziandaa kumtetea Mama, hilo halikuwamo.

Mamkubwa akaketi. Tukangoja. Mama akarudi kwenye pindo lake. Mzee wa kofia aliniuliza kwa Kiingereza kama huyu ndiye dada mwenyewe, nikasema ndiye. Akavua kofia aliyoivaa, akavaa nyingine iliyo nzuri zaidi.

Jua likashuka nyuma ya mapaa, polepole kama lina makusudi. Simu ya mzee ikaita adhana. Aliiinua juu kwa mkono, ili gari likipita isimezwe.

"Mama Tanzania," alisema, "muda. Na leo samosa yangu iwe moja tu, mna mgeni."

Mamkubwa alifungua kiganja. Tende ilikuwa imelainika kwa joto la mkono, imebonyea upande mmoja. Ilikuwa imetoka Tanga, imepita angani, imepita chini ya mwamba, imepandishwa na lifti. Akaila akiwa amekaa wima kwenye stuli ya Mama, kando ya njia, watu wakipita wakimsalimia Mama, "sawubona, Ma", naye akiwajibu mmoja mmoja. Kisha Mamkubwa akanywa maji, akala samosa moja akiikagua kwa ndani.

Baada ya sala alipiga simu Tanga, akaweka spika. Kwanza alisimulia treni. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Akawaambia amepita chini ya mji, chini ya mabenki, na kidole chake hakikupata vumbi hata chini ya kiti. Haifiki kwa kina mdogo wake, akasema, ameuliza kwa nini na hakuna mwenye jibu, lakini ipo, na ni safi. Nilijikuta nimesimama wima, kama ninasifiwa mimi.

Sauti ya mjomba ikatoka kwenye simu, ikakata maneno yake. "Sawa, dada, tumesikia ya treni. Na huyu je? Ameshaanza kufunga mizigo?"

Mamkubwa alimtazama Mama. Mama alikuwa ameinamia kitambaa, sindano mdomoni.

"Vyombo asigawe," alisema Mamkubwa. "Anayemtaka aje amfuate huku. Apande treni, na akae wima."

Mama alitoa sindano mdomoni, akaitia uzi kwa mara moja tu, na mguu wake ukaanza tena kwenye cherehani.